UZI: Chura mwenye pembe wa Amerika Kusini: anavyoishi, anavyowinda, na kwa nini wengi hufia kwenye matangi ya kioo

#1 Nyika_Bio

Wadau, salaam.

Video za chura wa duara anayemeza panya mzimamzima zimejaa mitandaoni, na maelezo mengi yanayoambatana nazo ni ya kubuni. Nimeona bora tuwe na uzi mmoja wenye mambo ya uhakika. Wanaomjua mnyama huyu karibuni muongeze na kusahihisha.

Familia yake inaitwa Ceratophryidae. Ina jenasi (makundi ya spishi za karibu) tatu tu: Ceratophrys yenye spishi 8, Lepidobatrachus yenye 3, na Chacophrys yenye 1. Asili ya wote ni Amerika Kusini. Zile "pembe" hazina mfupa ndani yake. Ni ngozi ya ukope wa juu iliyochongoka, na kazi yake ni kuvunja umbo la kichwa ili chura akijifukia asionekane kati ya majani makavu. Kwa C. cornuta (C. ni kifupi cha Ceratophrys) wa Amazon zimerefuka kabisa, ila kwa C. ornata ni vinundu tu.

Wanaofahamika zaidi ni wawili. C. ornata ni wa nyika za pampas: Argentina, Uruguay, na kusini kabisa mwa Brazil. C. cranwelli ni wa Gran Chaco, lile eneo kubwa la vichaka vikavu linalogawanywa na Argentina, Paraguay na Bolivia, na kipande kidogo cha Brazil. Kwa muda mrefu wawili hawa walihesabiwa kuwa spishi moja, hadi mtafiti Barrio alipomwelezea cranwelli rasmi mwaka 1980. Tofauti yao kubwa iko ndani ya seli: cranwelli ana kromosomu 26 kama chura wa kawaida, ilhali ornata ana 104, yaani seti nane badala ya mbili. Kwa macho, ornata huwa kijani kilichokolea chenye mabaka mekundu na pembe fupi. Cranwelli ana pembe ndefu kidogo na rangi za kahawia na kijani kilichofifia. Wengi wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani kwa jina la ornata kwa kweli ni cranwelli, wakiwemo wale weupe na wa njano, ambao ni zeruzeru waliozalishwa kwenye matangi.

Hoja yangu kuu ni hii: kila kitu cha chura huyu kimetokana na ufupi wa masika. Chaco hupata mvua miezi ya joto tu, Oktoba au Novemba hadi Machi hivi. Katika muda huo inabidi ale, akue, azae, na watoto wake wamalize hatua ya kiluwiluwi kabla dimbwi halijakauka. Miezi inayobaki anaimaliza chini ya ardhi bila kula. Mdomo mkubwa, tumbo linalotanuka, ulafi, miguu mifupi isiyofaa kukimbilia chochote, vyote vinaelezeka ukianzia hapo. Anayemfuga akisahau hilo, humuua kwa wema wake mwenyewe.

#2 Mbogamaji

Uzi mzuri sana mkuu. Ngoja niongeze kwenye uwindaji maana ndiko kuna maajabu.

Huyu hatafuti mawindo, anayangoja. Kisigino chake kina nundu gumu, nalo ndilo jembe lake: hujizungusha huku akirudi kinyumenyume mpaka mwili uzame na yabaki macho na ncha ya mdomo. Anaweza kukaa hapo usiku kucha na mchana wake. Baadhi ya spishi huongeza ujanja: huinua mguu wa nyuma na kutikisa vidole taratibu juu ya mgongo. Chura mdogo au mjusi akidhani ni funza, anasogea mwenyewe hadi mdomoni. Tabia hiyo iliandikwa kitaalamu kwa C. calcarata mwaka 1976, na baadaye kwa ornata.

Ulimi wake ulipimwa Ujerumani na watafiti Kleinteich na Gorb, matokeo yakatoka 2014. Waliweka kipande cha kioo kilichounganishwa na kipima nguvu, nyuma yake kuna mawindo, chura akawa anapiga kioo. Nguvu ya kunata ilizidi uzito wa chura mwenyewe, na kipimo cha juu kabisa kilifika zaidi ya mara tatu ya uzito huo. La kushangaza ni kwamba pale ambapo ulimi uliacha ute mwingi kwenye kioo, nguvu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo ule ute haufanyi kazi ya gundi peke yake. Kinachotangulia ni ulimi laini kugandamizwa kwa kasi juu ya mawindo hadi uingie kwenye kila kikunjo cha ngozi au manyoya, ndipo unaponata.

Baada ya hapo taya hufunga. Kazi ya 2017 iliyopima C. cranwelli ilikuta chura mwenye kichwa chenye upana wa sentimita 4.5 hubana kwa nyutoni 30 hivi, sawa na kuwekewa kilo 3. Nguvu hiyo hupanda haraka kuliko ukubwa wa mwili, kwa hiyo wenye vichwa vya sentimita 10 hukadiriwa kufika nyutoni 500. Hesabu hizohizo walizihamishia kwa Beelzebufo ampinga, chura mkubwa wa Madagaska aliyeishi mwishoni mwa zama za dinosaria, wakapata kama nyutoni 2,200. Huyo alielezewa mwaka 2008, na waliomwelezea walimwona kuwa na undugu na hawa wenye pembe. Suala la undugu bado lina mabishano, lakini umbo la fuvu linafanana mno.

#3 Shamba_la_Bibi

Wakuu, hivi ana meno kweli? Na je, ana sumu? Kuna mahali nimesoma kuwa Argentina anaua ng'ombe.

#4 Mbogamaji

Meno anayo, ya taya la juu, yamechongoka na yamejikunja kuelekea kooni. Taya la chini halina meno ya kweli, lina vichomozi viwili vya mfupa mbele vinavyofanya kazi ya chonge. Mawindo yakishaingia hapo hayachomoki. Mikono ya mbele huyasukuma, na macho nayo hushuka ndani ya fuvu kusaidia kuyashindilia. Ukimtazama akimeza utaona macho yakizama, ni kawaida ya vyura, si ugonjwa.

Sumu ya kuuma hana. Mashambani Argentina wanamwita escuerzo, na imani kwamba akimng'ata farasi au ng'ombe mdomoni mnyama hufa ni ya zamani sana. Haina msingi. Kilicho kweli ni kwamba hamkimbii mtu. Hujaza hewa mwilini, huachama, hupiga ukelele mkali, na akibana anaweza kung'ang'ania dakika kadhaa. Akikubana kidole usivute, maana utavunja taya lake na kuchana ngozi yako. Tumbukiza mkono pamoja naye kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ataachia. Kisha osha jeraha kwa sabuni.

Porini chakula chake kikubwa ni vyura wenzake. Kwa ornata waliochunguzwa matumbo Argentina, zaidi ya robo tatu ya mawindo yalikuwa vyura, waliobaki ni ndege wadogo, panya, na nyoka kwa nadra. Cornuta wa Amazon naye hula hata siafu na chungu kwa wingi.

#5 Dada_Kiluwiluwi

Mnapitia juujuu sehemu ninayoona ni nzito kuliko zote: watoto.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, madume hukusanyika kwenye madimbwi ya muda na kulia kwa sauti nzito kama ya ng'ombe. Kila kitu huisha ndani ya siku chache. Jike hutaga mamia ya mayai, hata kuzidi elfu, na mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu kutegemea joto la maji.

Viluwiluwi wengi mnaowaona kwenye mabwawa yetu hukwangua mwani na utumbo wao ni mrefu, umejizungusha kama koili. Wa Ceratophrys ni wala nyama tangu siku za mwanzo. Wana mdomo mgumu wa kukatia, safu nyingi za vijino, na utumbo mfupi. Wanararua viluwiluwi wa spishi nyingine walioko dimbwini, na kwa chakula hicho humaliza hatua hiyo kwa wiki tatu au nne tu.

Sasa swali: kama wote ni walaji nyama na wamebanana dimbwi moja, mbona hawamalizani? Watafiti wa Argentina walichapisha mwaka 2011 kwamba viluwiluwi wa ornata hutoa sauti chini ya maji. Ni milio mifupi mikali inayotoka mwenzake anapomgusa au kumng'ata, kwa kusukuma hewa nje kupitia koo. Mwenzake husita. Ulaji wa wao kwa wao upo, ila ni mdogo kuliko ambavyo ungetegemea kwa mnyama wa aina hii. Kiumbe wa siku tatu nne, hata miguu hana, anapaza sauti majini!

Wa Lepidobatrachus laevis wamekwenda mbali zaidi: hawararui, wanameza kiluwiluwi mwenzao mzima. Mdomo wao una upana unaolingana na kichwa chote, na tumbo lao limejengeka karibu sawa na la chura mkubwa.

#6 Pwani_Herpeto

Nawapa ulinganisho wa nyumbani, kwa sababu uhusiano upo. Kenya na Tanzania tuna vyura wa jenasi Pyxicephalus, wale wanene wanaotokea mvua zikianza kisha wanapotea mwaka mzima. Ukiwaweka kando na Ceratophrys utadhani ni ndugu: mwili wa duara, mdomo mpana, chonge za taya la chini, nundu la kuchimbia mguuni, ulafi uleule. Kinasaba wako mbali, familia tofauti kabisa. Mazingira ya mvua fupi yamewafikisha kwenye umbo moja kila mmoja kwa njia yake.

Hata mbinu ya kiangazi ni moja. Wakishazama ardhini, ngozi ya nje hujivua lakini haidondoki. Tabaka linabaki juu ya tabaka mpaka mwili mzima unafunikwa na ganda jembamba kavu lisilopitisha maji kirahisi, isipokuwa matundu ya pua. Kwa Lepidobatrachus llanensis na Ceratophrys ganda hilo limechunguzwa tangu miaka ya 1970. Akiwa humo anaishi kwa mafuta ya mwili na maji yaliyohifadhiwa kwenye kibofu. Mvua ikilowesha udongo, ganda linalainika, analichana kwa mikono na kulila.

Wanapotengana ni kwenye malezi. Dume la Pyxicephalus adspersus hulinda watoto wake, na dimbwi likianza kukauka huwachimbia mfereji hadi kwenye maji mengi. Ceratophrys akishazaa anaondoka.

#7 Nyika_Bio

Asante sana kwa hilo la ganda. Na ndilo linalonileta kwenye ufugaji, maana tuna wadau walioko Ulaya, Marekani na Ghuba wanaowafuga kihalali. Nitaandika kwa vitendo.

Tangi: chura mmoja, tangi moja, bila ubishi. Wawili wakikaa pamoja mmoja ataliwa, hata kama wanalingana, na aliyemeza naye mara nyingi hufa kwa kukabwa. Sakafu ya sentimita 60 kwa 30 inamtosha mkubwa. Kimo si muhimu, hapandi.

Kitandiko: makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 8 hadi 10. Yaloweshe, kisha chukua ngumi moja ukamue. Yakitoa tone moja mawili, sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu. Kokoto, mchanga mkali na vipande vya magome ni marufuku. Anaposhambulia chakula hubeba na kilicho karibu, kokoto hukwama tumboni, na hapo ni upasuaji au kifo.

Joto: nyuzi 24 hadi 28 mchana, usiku ikishuka hadi 20 haidhuru. Ikizidi 30 kwa muda mrefu yuko hatarini. Bamba la joto likae ubavuni mwa tangi na liwe na kidhibiti joto, lisiwekwe chini kamwe. Chura huyu akihisi joto au ukavu huchimba kwenda chini akitafuta ubaridi. Ukiweka moto chini, anachimba kuufuata na kuungua tumbo.

Maji: bakuli pana, kina kisizidi nusu ya kimo chake akiwa amekaa. Si mwogeleaji, huzama. Maji ya bomba yakilala wazi saa 24 klorini hutoka, lakini kama mamlaka ya maji ya mji wenu hutumia kloramini, kuyalaza hakusaidii. Nunua dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafuga samaki, na hakikisha imeandikwa kuwa inaondoa na kloramini. Badilisha maji kila siku.

Chakula: wachanga kila siku moja au mbili, nyenje na mende wa kufugwa wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Akishakomaa, mlo mmoja kila siku 7 hadi 14 unatosha, na nyungunyungu wakubwa ndio wawe chakula cha msingi. Panya ni wa mara chache mno. Kalsiamu ya unga yenye vitamini D3 inyunyizwe kila mlo kwa wachanga, na kila mlo wa pili kwa wakubwa. Mara moja kwa wiki mbili tumia mchanganyiko wa vitamini wenye vitamini A halisi, siyo betakarotini peke yake.

#8 Shamba_la_Bibi

Mkuu, lakini kila nikitazama video anakula kila akipewa. Mbona anaonekana ana njaa daima?

#9 Nyika_Bio

Ndiyo mtego wenyewe huo. Mwili wake umepangwa kula kila kinachopita, kwa sababu porini baada ya wiki chache hakutakuwa na kitu. Kwenye tangi msimu wa njaa hauji. Matokeo yake ni mafuta kujaa, na moja ya dalili zake ni ukungu mweupe juu ya jicho: mafuta yamejikusanya kwenye konea. Hapo tayari umechelewa, hautoki. Kipimo kizuri ni umbo: akiwa mzima ni mpana kama duara, lakini kichwa bado kinaonekana kuwa sehemu yake. Ukiona mikunjo ya mafuta imefunika mahali mikono inapoanzia, ruka milo miwili.

#10 Dada_Kiluwiluwi

Naongeza magonjwa matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza, anatupa miguu ovyo, anarukaruka bila mpango, au anajinyoosha na kukakamaa. Wengi hudhani ni kifafa. Mara nyingi ni sumu ya amonia: mkojo wake umejaa kwenye kitandiko, naye anaufyonza tena kupitia ngozi ya tumbo na mapaja. Mtoe mara moja, mweke kwenye maji safi yasiyo na klorini, kina cha sentimita 1 au 2, badilisha kila baada ya saa chache kwa siku nzima. Tupa kitandiko chote. Kwa kawaida ondoa kinyesi ukikiona, na ubadilishe kitandiko kizima kila mwezi au mapema zaidi.

La pili, taya limelegea na halifungi, au mgongo umepinda. Huo ni upungufu wa kalsiamu. Ukiona anakosa shabaha kwa ulimi, au ulimi unagusa mawindo bila kunata, shuku upungufu wa vitamini A.

La tatu, wekundu chini ya tumbo na mapajani, pamoja na uchovu na kukataa chakula. Hayo ni maambukizi ya bakteria, mara nyingi Aeromonas, na yanahitaji daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa amfibia. Usimpake dawa ya binadamu. Ngozi yake hufyonza kila kitu, hata sabuni iliyobaki mkononi. Ukilazimika kumshika, vaa glovu zisizo na unga na uzilowanishe kwanza.

Na tafadhali msichanganye ugonjwa na kujifukia. Akizama na kutoonekana siku kadhaa, kwanza pima unyevu. Kitandiko kikikauka anaanza kujitengenezea lile ganda, anaonekana kama amevikwa karatasi. Mloweshe taratibu kwenye maji ya kina kidogo, ganda litalainika lenyewe. Usilibandue kwa kucha.

#11 Muscat_Mswahili

Vipi kwa sisi wa huku Oman ambako nje inapita nyuzi 40? Kiyoyozi kikizimika je?

#12 Nyika_Bio

Ndugu, mweke chumba cha chini au chumba cha ndani kisicho na dirisha la jua. Ongeza kina cha makumbi hadi sentimita 15 ili apate pa kushukia. Funga chupa ya barafu kwa taulo, iegemeze ukuta wa nje wa tangi, isiwe ndani. Feni ndogo ikipuliza juu ya wavu wa mfuniko hushusha nyuzi kadhaa kwa uvukizi, ila utalazimika kunyunyiza maji mara nyingi zaidi. Siku za joto kali usimlishe kabisa.

#13 Pwani_Herpeto

Kabla uzi haujasonga: asiachiwe nje mnyama huyu, wala maji ya tangi lake yasimwagwe mtoni au bustanini. Sababu ni kuvu anayeitwa Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya vyura na kusafiri na biashara ya vyura duniani. Tanzania tunamjua kwa uchungu. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, alipungukiwa maji baada ya bwawa la umeme kuanza kazi. Mwaka 2003 kuvu huyo akagunduliwa kwake, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale waliokuwa wamehifadhiwa Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na urejeshaji ulianza 2012. Maji ya tangi yatiwe dawa ya klorini na kuachwa kabla ya kumwagwa chooni.

Huko kwao nako hali si nzuri. Ornata amewekwa kundi la walio karibu kutishiwa. Pampas imelimwa soya na ngano, dawa za mashamba huingia kwenye madimbwi anakozalia, magari humkanyaga usiku wa mvua, na ile imani ya sumu bado humfanya auawe kwa jembe. C. stolzmanni wa pwani ya Ecuador na Peru yuko kwenye kundi la walio hatarini (Vulnerable).

#14 Mbogamaji

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu kutofautisha dume na jike, na kuzalisha. Dume ni mdogo (ornata dume hufika sentimita 11 hivi, jike 16), koo lake hukoza weusi, na wakati wa kuzaa hutokea pedi nyeusi ngumu kwenye kidole gumba cha mkono. Ukimbana kidogo mbavuni, dume hulia.

Kuzalisha kunahitaji kuiga Chaco. Acha kumlisha wiki mbili ili tumbo libaki tupu. Shusha joto polepole hadi nyuzi 20, acha tabaka la juu likauke huku chini kukibaki unyevu, mwache wiki 6 hadi 8. Asiyekuwa na afya na uzito mzuri asiingizwe humo. Kisha mrudishe kwenye joto na maji, mlishe vizuri wiki kadhaa, na umpeleke kwenye tangi la mvua: maji sentimita 5, pampu, na bomba lenye matundu linalonyesha usiku kucha. Kaa karibu. Jike akimaliza kutaga, mtoe dume saa hiyohiyo, jike ana njaa.

Viluwiluwi kila mmoja na kikombe chake cha nusu lita, nyuzi 25 au 26, nyungunyungu waliokatwakatwa mara mbili kwa siku, mabaki yatolewe na maji yabadilishwe kila siku. Mikono ya mbele ikitokeza tu, punguza maji hadi sentimita 1 na uinamishe kikombe apate pakavu. Wengi hufa siku hiyo kwa kuzama, kwa sababu mapafu yamechukua kazi na mkia bado haujaisha.